Mkwe, Filamu Imerudi?

Yule asiye na kichwa ni bibi yako, mzaa mama. Na siyo mimi niliyekikata, usinitazame hivyo. Muulize mama yako, yeye ndiye aliyebonyeza.

Leo jioni ulikuwa umekalia begi ili lifunge, umeishika ile picha, ukaniuliza, "Baba, huyu nani, na kichwa chake kiko wapi?" Nikakujibu kwamba kichwa kimepelekwa Bukoba kusafishwa, bado hakijarudi. Ukacheka. Halafu ukaniuliza la pili: "Sasa bibi alikuwa na sura gani?" Hapo nikatoka nje nikasema naenda kumwangalia mbuzi. Koku, wewe unajua na mimi najua, mbuzi tulishamuuza.

Basi nimekaa naandika. Mwandiko utauvumilia, mimi shule niliishia la tano, na hata hilo la tano nililihudhuria kwa kuchungulia. Mambo ya kula vizuri, kufunga mlango, kutokuazima watu sufuria, hayo mama yako ameyaanza Jumapili na kesho stendi atayarudia yote, kwa hiyo mimi simwingilii kwenye biashara yake. Mimi nina jibu la swali lako tu. Jibu lenyewe ni kwamba sijui.

Sijui bibi yako alikuwa na sura gani. Nimekuwa mkwe wake miaka na miaka. Nimemchimbia choo, nimempalilia kahawa, nimekula ndizi zake kuliko watoto wake wa kuwazaa. Sauti yake naijua, hata sasa naweza kuiigiza ukadhani yuko jikoni. Miguu yake naijua: kidole cha mwisho cha mguu wa kushoto kilikuwa kimempanda mwenzake mgongoni kama mtoto aliyechoka kutembea. Mikono yake, ile iliyokuwa myeusi kwa utomvu wa ndizi hata akiisugua na limau, naijua. Uso wake sikuwahi kuutazama.

Ninyi siku hizi mnakwenda ukweni mnamkumbatia mama mkwe, mnapiga naye picha mmetoa ndimi nje. Kwetu mwanaume na mama mkwe wake walikuwa hawatazamani. Akija njia hii, wewe unaingia kwenye migomba mpaka apite. Akiwa ndani, wewe unabaki uani, mnasalimiana ukuta ukiwa katikati, salamu ndefu kweli, mnaulizana mpaka hali ya kuku. Hakukuwa na chuki hata kidogo. Ilikuwa ni heshima ile ya juu kabisa, huyu mama kanipa binti yake, nitamkodolea macho vipi? Kumtazama kulikuwa ni kama kumfungulia mtu mlango wa bafu.

Sasa mchukue mwanaume huyo, umpe kazi ya kupiga picha.

Wewe umenikuta nauza viatu vya mtumba pale sokoni Kayanga, na kabla ya viatu ulinikuta na maparachichi, na kabla ya maparachichi zile redio ambazo zilikuwa zinashika stesheni moja tu na yenyewe ya Uganda. Lakini biashara yangu ya kwanza, ile niliyoipenda, ilikuwa kamera. Kamera ya mkanda, nyeusi, imening'inia shingoni, baiskeli chini, na nyuma ya baiskeli nimefunga shuka la bluu la kutundika ukutani na koti moja la kuazimisha. Koti hilo, mwanangu! Ukizunguka leo Kituntu yote ukaomba kuonyeshwa picha za zamani, utakuta wanaume wote wamevaa koti moja. Wembamba limewameza, wanene wamelishika kwa mkono lisifunguke, lakini koti ni lile. Ilikuwa ni kama kijiji kizima kimezaliwa nalo.

Kazi ile ilinifundisha kitu ambacho sikujua nimefundishwa mpaka baadaye sana. Watu wengi walikuwa hawataki kupigwa picha leo. Walikuwa wanataka siku nyingine. Mama yuko shambani anavuna kahawa, jua limempiga vizuri, kapendeza, unamwambia simama hapo hapo, anakwambia, "Weee, hivi nilivyo? Ngoja niende nikaoge, nivae." Ukirudi jua limeondoka na yeye kavaa lile gauni la harusi ya dada yake, kakakamaa kama kaitwa ofisini kwa mtendaji. Kulikuwa na jirani yetu mmoja aliniambia, "Mimi na mke wangu utatupiga siku nikiezeka bati. Siwezi kupiga picha nyuma yangu kuna nyasi." Nikamwambia shuka langu la bluu litaziba nyasi. Akasema hapana, yeye anataka bati lionekane. Akahangaika, akaezeka, bati likang'aa mpaka ndege wanaliogopa. Siku aliyoniita nikampige, mke wake alishakuwa amelala kaburini kule chini kwenye migomba, mwezi wa tatu sasa. Nikampiga yeye peke yake na bati lake. Aliponilipa hakunitazama. Ile picha nadhani hakuwahi kuitundika.

Mimi nikawa nawacheka watu kama hao moyoni. Nikasema mimi mjanja, mimi ninayo kamera, mimi siwezi kukosa picha.

Sikukuu ya Krismasi nikaenda Isingiro. Wakati huo Krismasi ndiyo mavuno yangu, watu wametoka kanisani, wameoga, wamevaa, hawana pa kunikimbilia. Nikatundika shuka kwenye ukuta wa nyumba moja yenye ua mzuri, watu wakapanga mstari. Na kwenye mstari kulikuwa na binti amerudi kutoka Kayanga alikokuwa anajifunza cherehani. Ana umri kama wako sasa hivi, amevaa gauni aliloshona mwenyewe, upande mmoja mrefu kuliko mwingine. Nikampiga. Nikamwambia macho alifumba. Hakufumba. Nikampiga tena. Nikamwambia kuna kuku kapita nyuma. Hakukuwa na kuku. Unamjua, huyo ndiye aliyekufungia sambusa leo.

Wa mwisho kwenye mstari alikuwa mama yake. Alikuwa na gauni la kanisani lenye maua ya zambarau na kitambaa kichwani, na alikuwa amesubiri tangu mwanzo, anawapisha watu, "pita wewe, mimi niko nyumbani kwangu." Nakwambia hivi kwa sababu aliniambia yeye baadaye. Mimi wakati ule sikumwona. Macho yangu yalikuwa kwa binti. Nikaangalia kile kidirisha cha namba kwenye kamera, imebaki moja. Moja tu. Mama kasogea mbele ya shuka, kashika gauni pembeni, kajiweka sawa. Na binti kasimama pale kwenye mlango wa jiko, jua linamwangukia begani, anamcheka mdogo wake.

Nikasema, "Samahani mama, filamu imeisha."

Akasema, "Basi mwanangu, siku nyingine."

Alipogeuka tu kuingia ndani, nikampiga yule wa mlangoni.

Ndiyo ile picha iliyoko sebuleni, Koku. Ile ambayo kila mgeni anasema jamani mama Koku alikuwa mrembo. Alikuwa mrembo, sikatai, lakini ile picha ilikuwa haki ya mtu mwingine.

Na usidhani hii ni siri ninayokutolea leo. Bibi yako aliijua wiki mbili baadaye, niliporudi na picha. Picha za binti zilikuwa tatu, na hiyo ya mlangoni ilikuwa ya mwisho kabisa kwenye mkanda, na bibi yako hakusoma lakini kuhesabu alikuwa anajua. Akazigeuza geuza jikoni, mimi nikiwa uani, akamwambia mama yako, "Huyu kijana filamu yake inaisha na kurudi." Nikawa nimejulikana.

Mwaka uliofuata nikaoa, na mlango ukafungwa. Yaani siku ile ile ambayo nilipata haki ya kwenda pale nyumbani kila ninapotaka, ndiyo siku nilipopoteza haki ya kumtazama mwenye nyumba. Tangu hapo kila nikifika, hata sijashuka vizuri kwenye baiskeli, nasikia sauti kutoka jikoni:

"Mkwe! Filamu imerudi?"

Uani kote watu wanacheka. Mimi nainamisha kichwa, najibu, "Bado, mama." Na yeye anajibu, "Basi, siku nyingine."

Utaniuliza, na wewe kwa maswali sikuwezi, kwa nini hakwenda kupigwa na mtu mwingine? Pale Kayanga studio zilikuwepo. Alishauriwa. Akasema, "Mimi nina mkwe mpiga picha, niende kumpa mgeni uso wangu? Watu watasema mkwe wangu ananinyima." Hapo tukakwama wote wawili. Mwenye kamera ni mimi, na mimi ndiye nisiyeruhusiwa kutazama. Yeye hataki mwingine. Na mimi kusema ukweli nilikuwa naona sifa kwamba hataki mwingine.

Nikapeleka shauri kwa Deo, rafiki yangu aliyekuwa anapika rubisi, maana pale penye pombe hiyo ya ndizi kila shauri lilikuwa linapata majibu mengi. Nikamuuliza, "Deo, nikimtazama kupitia kamera, hapo nimemtazama?"

"Umemtazama."

"Lakini pale katikati kuna kioo."

"Mwenye miwani naye ana kioo. Kwani haoni?"

"Na nikifumba jicho moja? Si unajua kamera unafumba jicho moja?"

Deo akafikiri sana, akaongeza kibuyu. "Hapo," akasema, "utakuwa umemkosea heshima nusu."

Nikaona nusu hiyo nayo kubwa. Ndipo nikapanga mpango wa mama yako. Nikamfundisha wiki nzima: hapa unachungulia, hapa unabonyeza, kidole usiweke mbele ya kioo. Tukaenda Isingiro. Bibi yako alikuwa ameshavaa. Lile lile la maua ya zambarau. Mama yako aliniambia kwamba alikuwa akisikia nakuja analivaa, hata kama alikuwa anamenya ndizi, eti labda leo. Analivaa, anaambiwa bado, analivua, anarudi kwenye ndizi.

Basi yeye akasimama mbele ya ukuta, mama yako akashika kamera, mimi nikasimama nimewapa mgongo, nimeitazama mibuni, natangaza kama mtu wa mpira redioni.

"Mwambie mama asogee kulia."

"Kulia kwangu au kwake?" bibi yako akauliza.

"Mwambie kulia kwa upande wa choo."

"Mkwe, mimi picha yangu ya kwanza unanisogeza chooni?"

Mama yako akaanza kucheka. Nikasema usicheke, kamera itatikisika. Akazidi. Bibi yako naye akaanza, na ukimsikia yule mama akicheka na wewe unacheka tu, hata kama uko msibani. Mimi nimeangalia kahawa nacheka, nyuma yangu wanacheka, na katikati ya kicheko hicho nikasikia kamera, kacha.

Ikatoka ile uliyoishika leo. Gauni zima. Mikono imeshika gauni pembeni. Miguu, hadi kile kidole kilichobebwa. Juu inaishia shingoni, hapo juu ya shingo ni mwisho wa karatasi.

Niliipeleka mwenyewe nikiwa na aibu, nikampa mama yako aingie nayo ndani, nikakaa uani nasubiri. Nikaanza kuangalia baiskeli yangu iko wapi. Halafu nikasikia, "Waitu, jamani! Njooni mwone, mkwe wangu amenichinja!"

Akaitundika, Koku. Pale sebuleni kwake, karibu na kalenda. Akija mgeni anamwambia, "Huyo ni mimi. Kichwa kiko njiani, kinakuja na mkwe."

Hakikuja. Usiku uliotaka kuzaliwa mambo yaliharibika, mama yako alikuwa anahitaji gari usiku ule ule, na mwenye gari hakutaka kusikia hadithi. Kamera ikaenda, na shuka, na koti. Na ndiyo maana hata wewe huna picha ya uchanga. Nilikutazama siku ile mpaka muuguzi akasema baba inatosha utammaliza. Kamera siijutii, ningeiuza hata leo, na mimi mwenyewe ningeingia humo kama nyongeza. Nasema tu ilivyokuwa.

Sasa hili la mwisho ndilo lililonitoa nje kwenda kwa mbuzi asiyekuwepo.

Ulikuwa na miaka kama minne. Bibi yako alikuwa anaumwa, ameshalala chini wiki kadhaa, na wewe hukutaka kutoka kitandani kwake, unampikia vyakula vya udongo anavionja vyote anasifia. Mimi nilikuwa uani kama kawaida yangu. Akaita, "Mkwe, ingia."

Nikadhani nimesikia vibaya. Mama yako akatoka, akaniambia anakuita, ingia. Nikaingia nimeinamisha kichwa, nikakaa karibu na mlango.

"Filamu imerudi?"

"Mama, kamera niliiuza."

"Najua. Uliiuza ukaniletea huyu hapa. Haina hasara." Akapumzika kidogo, pumzi ilikuwa fupi. "Basi nitazame hivyo hivyo. Macho hayahitaji filamu. Mimi nimeshakuwa mzee, mkwe, heshima yote uliyonipa nimeshiba. Nitazame, japo mtu mmoja wa upande wenu awe ameniona."

Mwanangu, nilikuwa naangalia kile kidole. Shingo yangu ilikataa. Nikajiambia sasa, nikaanza kuinua, nikafika kwenye magoti, nikafika kwenye mikono. Nikafika pale pale picha ilipoishia. Nikarudi chini.

Akasubiri. Halafu nikasikia kile kicheko chake, kidogo tu, hakikuwa na nguvu. Akasema, "Haya. Siku nyingine."

Tulimzika kabla mwezi haujaisha, na lile gauni la maua ya zambarau.

Mimi ni mtu wa masihara, unanijua, nikikosa mteja wa kutania navitania viatu. Hili sina namna ya kulitania. Nimekaa nalo miaka nikijiambia ilikuwa ni heshima. Heshima ilikuwepo, siikatai, nilimheshimu yule mama kuliko mtu yeyote. Lakini mwenyewe aliyekuwa anaheshimiwa alishaniruhusu. Kilichobaki pale kilikuwa ni woga wangu tu. Niliogopa kwamba nikimtazama, itakuwa ni kweli anaondoka.

Sasa nikwambie kuhusu wewe. Siku ya mazishi wanawake walikuwa wamekupakata, wanakupokezana, na mmoja akasema kwa sauti, "Mtazameni huyu mtoto! Si ni yeye mwenyewe? Macho, mdomo, paji la uso, kila kitu." Wengine wote wakakutazama wakasema kweli, ni yeye. Na mimi nikakutazama. Ulikuwa umeshika muwa, unautafuna kwa pembeni ya mdomo, umekunja paji la uso kama unamdai mtu. Nikasema moyoni, kumbe ndiye huyu.

Ndiyo maana, kama unakumbuka, ulipokuwa mdogo nilikuwa nikirudi jioni naziba uso kwa mikono mlangoni, nasema, "Shikamoo mama mkwe!" Na wewe unajikaza unajibu, "Marahaba mkwe!" Ulikuwa unadhani ni mchezo. Ulikuwa mchezo. Lakini kila siku nilikuwa nafungua vidole kidogo kidogo, nachungulia.

Ningekuwa nimejifunza, ningekwambia hapa hadithi imeisha. Sikujifunza. Siku tunakupeleka bweni mara ya kwanza, unakumbuka nilikuwa wapi? Nilikuwa nafunga tranka lako kamba. Tranka lilikuwa na kufuli na halikuhitaji kamba. Nikafunga, nikafungua, nikafunga, mpaka gari likaondoka na wewe umeshatoa mkono nje unapunga, na mimi nimeinama napunga kwa mgongo. Mama yako akaniambia, "Fundo moja unalifunga toka asubuhi?" Nikamwambia barabara mbaya. Muhula uliofuata nikafanya hivyo hivyo. Nimekusindikiza mara zote hizo, Koku, na sura yako ukiwa dirishani sijawahi kuiona hata mara moja. Nimeona kamba.

Na kesho unakwenda mbali kuliko zote. Dodoma siyo bweni la kurudi mwisho wa muhula. Tayari leo mchana nimenunua kamba. Mpya. Niliinunua bila kufikiri, nimekuja kushtuka niko nayo mkononi.

Na wewe nawe usijione uko salama. Nimeangalia simu yako, uliponionyesha mwenyewe, usiseme nimepekua. Picha zimejaa humo kama dagaa, na kila picha una masikio ya sungura. Au una pua ya mbwa. Au umelainishwa ngozi mpaka huna pua kabisa. Nimetafuta moja ya sura yako, ile iliyokunja paji la uso, ile ambayo wanawake waliitambua pale makaburini, sikuipata. Nikikwambia piga hivi hivi ulivyo unasema, "Aah baba, ngoja kwanza nijiweke sawa." Hayo maneno nimeyasikia sana kwenye mashamba ya kahawa.

Na mimi tulingane, sikuonei. Picha zangu zote nimefunga mdomo. Unajua kwa nini. Lile jino lilibaki kwenye mteremko wa kwenda Isingiro, baiskeli iliponikataa, mkono mmoja tu ulikuwa na nafasi na nikaokoa kamera. Kwa hiyo mtu aliyewachekesha watu sokoni miaka yote, kwenye picha anaonekana kama kakamatwa na mahindi ya watu. Nikiondoka leo, wajukuu wako wataambiwa babu yenu alikuwa mcheshi, wataangalia picha, watasema mnatudanganya.

Basi njoo tufanye biashara. Mimi sitoi kitu bila kupokea kitu, na hiki ninachotoa ni kikubwa, nimekikataa kwa watu wote.

Barua hii nimeiweka chini ya simu yako kwa sababu najua ndicho kitu utakachokishika kwanza, kabla hata ya kusalimia. Ukishaisoma usiniambie kitu. Usinitazame kwa huruma mezani, nitamwaga chai. Tupande gari hadi Kayanga kama hakuna kilichotokea. Mama yako atakuwa anasema mambo yake, muitikie yote.

Ukishapanda basi, kaa upande wa dirisha. Mimi nitakuwa chini na ile kamba, najijua. Hapo utoe kichwa, uitoe ile sauti ya bibi yako, unayo, hujui tu kwamba unayo, na uniulize watu wote wa stendi wasikie: "Mkwe, filamu imerudi?"

Upande wangu wa makubaliano ni huu: nitaiachia kamba. Nitainua uso, nitavuka pale shingoni, nitakutazama mpaka nitosheke, hata dereva apige honi. Halafu nitacheka na pengo langu lote, na hapo ndipo unipige.

Upande wako ni huu: ukishanipiga, igeuze simu ujipige na wewe. Bila masikio, bila kujiweka sawa, na kama unalia basi uwe unalia. Unitumie hiyo moja. Nitaitundika sebuleni pamoja na ile ya bibi yako, wageni nitawaambia kichwa kimefika.

Na nikikujibu "siku nyingine," shuka na begi lako turudi wote nyumbani.